Dhahabu Yavuka Mpaka, Ngoma Yabaki Nyumbani



Watu wa Kamituga hawana haja ya kufundishwa maana ya kuvuka mpaka. Tangu enzi ya Wabelgiji dhahabu ya vilima vyetu imekwenda ng'ambo. Zamani ilitoka kwa mkono wa kampuni ya MGL, halafu kwa mkono wa SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, na siku hizi yatoka mfukoni mwa mchuuzi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya Kivu ya Kusini yapita kwa magendo katika Burundi, Rwanda na Uganda, kisha yafika Dubai, na ikifika huko haina tena jina la mama yake. Ugonjwa nao huvuka. Aina mpya ya mpox iligunduliwa Kamituga mwezi wa Septemba 2023. Kufika Julai 2024 ilikuwa imeingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ni hatari kwa mataifa yote. Hivyo jina la mji wetu likasomwa ulimwenguni kwa sababu ya vipele. Bunduki nazo huvuka, na juu ya hizo sina la kuwaeleza msilolijua.

Sasa niambieni: ni wimbo gani, ni kazi gani ya mikono, ni hadithi gani ya Burega iliyovuka njia hizo hizo ikapokelewa na jirani? Mtu wa Kigoma ajua nini juu ya Mrega, ila kwamba amekaa juu ya dhahabu na hafaidiki nayo? Na sisi twajua nini juu ya Muha wa Kigoma? Kweli, harusini twacheza muziki wa Dar es Salaam mpaka usiku wa manane. Lakini kusikiliza redio ya jirani si kushirikiana naye. Anunuaye chumvi dukani hajawa mwenye duka.

Nayaandika haya kwa kuwa tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2022, nasikia maneno ya namna mbili, na yote mawili naona yamepotoka. Wengine wasema: ushirikiano wa sanaa ni kazi ya wakubwa, watapanga tamasha, watachagua wachezaji, na sisi tutapiga makofi. Wengine, hasa hapa kwetu, wasema: Kamituga ina nini cha kuonyesha? Sisi ni watu wa mashimo. Waachieni utamaduni watu wa Kinshasa, wa Nairobi na wa Zanzibar.

Nianze na hawa wa pili, maana neno lao laniuma zaidi.

Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi hawakuwa na mfalme mmoja juu yao. Wenye heshima walikuwa wale waliopanda ngazi za bwami, mwanamume na mkewe pamoja naye, mpaka kufika kindi, ngazi ya juu kuliko zote. Hawakupanda kwa mkuki. Walipanda kwa tabia njema, kwa msaada wa ndugu zao waliotoa mali, na kwa kufundishwa. Na mafundisho hayo hayakuwekwa kitabuni, yaliwekwa katika vitu: sanamu ndogo za pembe ya ndovu, za mfupa na za mti, na vinyago vidogo ambavyo mara nyingi havikuvaliwa usoni kabisa, bali vilishikwa mkononi au kutundikwa mbele ya watu. Kila kitu kilichezewa ngoma na kuimbiwa methali, na kitu kimoja kiliweza kubeba methali nyingi, mradi mwenye kucheza awe na akili ya kuzitoa. Yumo mmoja aitwaye Sakimatwematwe, yaani Bwana Vichwa-vingi. Sanamu yake ina nyuso zinazotazama kila upande, na wazee walifundisha kwamba mtu wa namna hiyo aona hata yaliyo ng'ambo ya mto mkubwa. Nawauliza wenye kusema hatuna kitu: ni katika mji gani wa jirani zetu mmeona mafundisho ya ujirani yaliyochongwa namna hii, katika pembe isiyopita urefu wa kiganja?

Ziko wapi sasa kazi hizo? Serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku mwaka 1948, na misioni nyingi za zamani hazikuitazama kwa jicho jema. Vitu vikafichwa, vikauzwa, vikachukuliwa. Vingi vimo Tervuren, karibu na Brussels. Mkusanyo mwingine mkubwa, wa tajiri Mmarekani Jay Last, uko katika makumbusho ya Fowler, Los Angeles. Daniel Biebuyck, mtaalamu aliyekaa Burega katika miaka ya 1950, aliandika juu ya mambo haya kitabu kikubwa kiitwacho Lega Culture, kikachapwa California mwaka 1973. Ni kitabu chema. Walakini mwalimu wa Kamituga akitaka kujua jinsi babu yake alivyoeleza methali zake, sharti kwanza ajue Kiingereza, na akitaka kuziona sanamu zenyewe sharti apande ndege. Mganda wa Kampala hali kadhalika, na Mtanzania wa Mwanza hali kadhalika. Kazi ya Mrega ili imfikie jirani yake wa ng'ambo ya ziwa, huizunguka dunia kwanza. Mapadri Wasaveri walikusanya baadhi ya vitu hivyo huko Bukavu, nao wastahili shukrani. Lakini watoto wangapi wa Kamituga wamepata nauli ya kwenda kuvitazama? Tangu mapema mwaka 2025, M23 walipouingia mji wa Bukavu, swali hilo limekuwa zito zaidi.

Basi hatuwezi kusema kwamba hatuna kitu. Tunacho, ila kimekwenda mbali, na sisi wenyewe tumejizoeza kukionea haya. Kijana akisikia neno bwami acheka au aogopa. Hata Kiswahili chetu twakidharau. Wale mama wanaotwanga mawe ya dhahabu tangu asubuhi mpaka jioni, mji mzima wawaita kwa jina lililounganisha neno letu kutwanga na mkia wa Kifaransa. Mimi naliona jina zuri. Limeundwa hapa hapa, na mtu wa Tanga angelielewa nusu yake mara moja, nusu nyingine angetuuliza, na hapo mazungumzo yangekuwa yameanza.

Niwageukie sasa wale wa kwanza, wanaosema kwamba ushirikiano ni kazi ya wakubwa.

Historia yawapinga. Njia ya sanaa kati ya Kongo na Afrika Mashariki ilikatwa na wasanii wenyewe, kwa miguu yao, kwa gari la mizigo na kwa meli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wapiga gitaa wa Katanga, Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, walifika Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza kwao kupiga gitaa kwa vidole viwili. Waliimba kwa Kiswahili cha Katanga, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Baadaye bendi nzima nzima zikahama. Super Mazembe walitoka Kongo wakakaa Nairobi katika miaka ya 1970. Samba Mapangala, aliyezaliwa Matadi ambako Kiswahili si lugha ya mji, alipitia Kampala, akafika Nairobi, akaunda Orchestra Virunga, akaimba kwa Kiswahili hata Wakenya wakamhesabu kuwa wao.

Na yuko mmoja aliyetoka karibu nasi. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, katika Maniema, mwaka 1947. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, halafu akawa kiongozi wa Super Matimila. Aliimba juu ya maskini, juu ya kifo, juu ya ukimwi wakati ambapo wengi waliona aibu kuutaja. Watanzania walimwita Dokta, ingawa hakusoma udaktari. Alipofariki Dar es Salaam, Desemba 2010, nchi nzima ilimlilia kama mwana wake. Ni waziri gani aliyempeleka? Ni mkataba gani? Hakuna. Alikuwa na gitaa, na alikuwa na Kiswahili.

Wachongaji nao ni vile vile. Wamakonde wa Msumbiji walivuka mto Ruvuma kwenda Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, wakaja na patasi zao, na leo kinyago cha Kimakonde ni sifa ya nchi mbili. Wachoraji pia: Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma sanaa Makerere, Uganda, katika shule iliyoanzishwa na Mwingereza Margaret Trowell, na mwaka 1965 alifungua nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa katika Nairobi. Sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala ilitengenezwa na Gregory Maloba, naye ni Mkenya. Mtazame jambo hilo: taifa limepata uhuru wake mwaka 1962, na kazi ya kuuonyesha kwa mfano limempa mtu wa nchi ya jirani! Sisi wa Kongo hatukuwa katika mzunguko huo. Wabelgiji walikuwa na shule zao za sanaa, ya Mtakatifu Luka tangu 1943 na ile ya Elisabethville tangu 1946, na macho ya shule hizo yalitazama Brussels. Mchoraji wa Kongo alijua njia ya Ulaya kabla ya kuijua njia ya Kampala. Mpaka leo, jambo hilo halijanyooka.

Na serikali zilifanya nini kwa wale waliojikatia njia? Mara nyingi ziliwazibia. Katika miaka ya 1980 wanamuziki wa Kongo waliokaa Nairobi walibanwa juu ya vibali vya kazi, na bendi nyingi zilivunjika au kuhama. Watu walioujaza mji ule furaha waliambiwa waonyeshe karatasi. Sisemi serikali isiwe na sheria ya wageni. Nasema tu kwamba mchuuzi wa nyanya alivuka daraja la Ruzizi miaka nenda miaka rudi kwa kipande cha karatasi, wala hakuna aliyemwuliza kama nyanya zake zina faida kwa taifa.

Wakubwa wanapoipenda sanaa nako kuna hatari yake. Wazee wetu wakumbuka ile iliyoitwa animation, wakati wa Mobutu. Watumishi, wanafunzi, mama wa soko, wote waliamriwa kuimba na kucheza kumsifu Kiongozi na chama chake. Wakati ule serikali ilijisifu kwa uhalisi wa Kiafrika, na ngoma zilipigwa kila siku. Hata hivyo ngoma yenyewe ilikuwa mtumwa. Kizazi kizima kikajifunza kwamba kucheza ngoma maana yake ni kusimama juani saa nne ukimngoja mtu mkubwa ashuke garini. Ndiyo sababu mpaka leo mzee akisikia neno "utamaduni" hutazama kushoto na kulia, aone ni nani anayekuja kusifiwa.

Wala si kwetu tu. Ngoma tukufu za Burundi ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa wanadamu wote. Mwaka 2017 amri ya rais ikatoka: wanawake wasizipige, kila kundi liombe ruhusa kwa serikali, na onyesho la faragha lilipiwe faranga 500,000. Haya, ni urithi wa wanadamu wote, lakini ufunguo uko mezani kwa waziri. Kijana wa Bujumbura akitaka kuja Uvira kupiga ngoma na rafiki zake, mwendo ambao hata gari kukuu laumaliza kabla ya chakula cha mchana, ataanzia wapi?

Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ina maneno mema. Mkataba wake wa mwaka 1999 una kifungu cha 119 juu ya utamaduni na michezo. Ina tamasha liitwalo JAMAFEST, lililofanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017 na Dar es Salaam 2019. Mwaka 2021 wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sidharau haya. Lakini tamasha la siku saba katika mji mkuu ni kama mvua ya siku moja katika kiangazi: watu watoka nje, wafurahi, na kesho vumbi ni lile lile. Anayechaguliwa kwenda ni yule anayejulikana ofisini. Mchezaji wa kijiji cha Burega hajulikani ofisini.

Kama mwataka kuona mfano mzuri wa serikali mbili, tazameni Kinshasa na Brazzaville. Miji hiyo hutazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, na imegombana mara nyingi. Walakini juu ya rumba ziliacha ubishi wa nani alianza, zikaandika ombi moja, na Desemba 2021 UNESCO ikaikubali rumba ya Kongo kwa jina la nchi zote mbili. Kwa nini? Kwa sababu wanamuziki walikuwa wamevuka mto huo kwa miaka zaidi ya sitini, na hakuna mtu aliyeweza kuwatenganisha hata kwa karatasi. Kazi ilitangulia, muhuri ukafuata.

Hapa najua msomaji wa Bukavu amekwisha kunyanyua mkono. Ataniuliza: "Wewe watuambia tuimbe na jirani, na jirani huyo ndiye atupigaye?" Swali hili si la kupuuza. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda limewasaidia M23. Serikali ya Rwanda yakana. Watu wamekufa, watu wamekimbia, na aliyepoteza mtoto hawezi kuambiwa achukue ngoma. Mimi simwambii. Tena nasema wazi: onyesho lolote linalofanywa ili damu isitajwe, silitaki. Tamasha lenye mabango ya amani na wimbo usiothubutu kusema ni nani aliyekufa, na wapi, ni animation ya pili, imebadilisha nguo tu.

Tena msanii si malaika kwa sababu tu ana sauti nzuri. Simon Bikindi, mwimbaji maarufu wa Rwanda, alihukumiwa Arusha mwaka 2008 kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya Watutsi mwaka 1994. Mahakama ilimtia hatiani kwa maneno aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti. Kwa hiyo anayekuja kuimba nasi tuna haki ya kumwuliza: umesema nini, na umenyamaza nini? Lakini tumwulize yeye, mtu mmoja mwenye jina na kinywa. Tusimhukumu kwa rangi ya hati yake ya kusafiria. Mwimbaji wa Bujumbura, mchoraji wa Kigali, mchongaji wa Songea, hakuna kati yao aliyeketi katika baraza la vita.

Huko Goma walijaribu. Vita vya kwanza vya M23 vilikwisha Novemba 2013, na Februari 2014 tamasha la Amani likafanyika, vijana wa Kongo, Rwanda na Burundi wakacheza jukwaa moja. Kuna wasemao: limefaa nini, ikiwa Januari 2025 Goma ilitekwa tena? Ndugu, nani alisema ngoma itazuia mizinga? Hata mikataba iliyotiwa sahihi na marais haikuizuia. Shule hazikuizuia, wala hakuna anayesema tufunge shule. Waliocheza pamoja wajua angalau uso mmoja na jina moja la upande wa pili, na siku ya kusemezana itakapokuja, atatafutwa mtu wa namna hiyo kuanza mazungumzo. Kama hakuna, wataanza wanasiasa peke yao, na hao tumewazoea.

Sasa ni nini kifanyike? Sina mpango wa kurasa mia. Nitasema machache niliyo na hakika nayo.

Kwaya zetu za parokia ndizo zilizokwisha kuanza, ingawa hazijijui. Jumapili twaimba nyimbo zilizotungwa Tanzania na Kenya, tumezinakili kwa mkono au kwa simu, na juu ya karatasi hakuna jina la mtunzi. Hiyo si heshima. Tuandike jina lake na parokia yake. Kisha tumpelekee na sisi wimbo wetu mmoja, wenye mwendo wa Kirega au wa Kishi, wenye maneno ya Kiswahili, na tumwombe kwaya yake iujaribu. Misa ya Kikongo, ile iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, yatazamwa na jirani zetu kama ajabu ya Kinshasa. Wachache wameketi na wanakwaya wa Kivu wakaulizwa jinsi ngoma inavyoingia katika sala bila kuigeuza kuwa dansi. Kualikana kwa kwaya mbili, Uvira na Bujumbura, au Kalemie na Kigoma, njia ikiwa salama, hakuhitaji waziri. Kwahitaji mahali pa kulala, mchele, na mtu wa kushika daftari la michango ambaye hataila. (Huyo wa mwisho ndiye mgumu kupatikana.)

La pili ni juu ya haki ya mtunzi. Wimbo wa kijana wa Bukavu ukipigwa katika baa ya Mwanza, mwenye baa auza bia, na kijana hapati hata bei ya nyuzi za gitaa. Kila nchi ina ofisi yake ya haki za watunzi, na kila ofisi hulia kwamba haina nguvu ng'ambo ya mpaka. Basi hili ndilo la kuwadai wakubwa, badala ya kuwaomba fulana za tamasha: ofisi hizo zihesabiane, pesa ya mtunzi imfikie mtunzi. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga wa pwani. Akicheza kwa jirani asiibiwe.

Tena kuna zile sanamu. Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa na kinyago cha Wasuku, Kakuungu, akakiacha katika Makumbusho ya Taifa kwa mkopo usio na mwisho. Mimi neno hilo mkopo lanichekesha: mtu akukopesha koti lako! Lakini kama mlango umefunguliwa kwa njia hiyo, tuingie. Kwa nini sanamu za Warega zisikopeshwe kwa zamu, Kampala miezi sita, Nairobi miezi sita, Dar es Salaam miezi sita, halafu zije Kivu zikae, wakati mahali pa kuzilinda patakapokuwapo? Makumbusho ya miji hiyo yana kuta na walinzi. Na Mganda akizitazama atauliza maana yake, na jibu halimo Tervuren wala Los Angeles. Jibu limo kinywani mwa wazee wachache waliobaki Kamituga, Kitutu na Shabunda, wanaozidi kupungua kila msimu wa mvua.

Kwa ajili hiyo lililo la haraka kuliko yote ni kuwaandika wazee hao, kwa Kirega na kwa Kiswahili, upande kwa upande, katika ukurasa mmoja. Si kwa Kifaransa kwanza. Kifaransa kitakifikisha kitabu Paris, na huko wana vitabu vya kutosha juu yetu. Kiswahili kitakifikisha Tabora, Mombasa na Zanzibar, ambako kuna makao ya Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya, ambayo kazi yake ni kukuza lugha hii kati ya nchi zetu. Methali ya Mrega ikiingia katika Kiswahili itatumiwa na mtu asiyejua hata Kamituga iko wapi, kama sisi tutumiavyo kila siku methali za Lamu na Pemba bila kuziona bahari zao. Mwanafunzi mmoja wa hapa mwenye simu ya kurekodi, na mwenzake wa Kigoma au Dar es Salaam wa kusahihisha maandishi, waweza kuanza kabla ya Krismasi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga moja tunayo sisi.

Utasema: na pesa? Katika mji wetu watu wako tayari kutoa ng'ombe kwa sherehe ya ubunge, na mwenye shimo hununua kreti za bia kwa ajili ya watu asiowajua. Basi siku jimbo letu litakapoitwa kupeleka watu katika tamasha la Jumuiya, wenye pesa hao wa Kamituga wamtume mzee mmoja wa Burega, pamoja na mkewe kama desturi ilivyotaka, asimame mbele ya Watanzania na Waganda na sanamu moja mkononi, hata kama ni mpya iliyochongwa jana, aiimbie methali yake kwa Kirega, kisha aieleze kwa Kiswahili. Nauli ya wazee hao wawili mpaka Uvira, na meli au basi la kuendelea mbele, haizidi bei ya gramu chache za dhahabu.